Chuma, Kodi na Masikio

Ndugu zangu wa Morogoro wakisikia kazi ninayofanya huku Texas hunyamaza kwanza, halafu huuliza kama polisi wanajua. Wanajua. Kila kifaa kinachopita mezani kwangu kimechongwa namba yake kwenye chuma, na taarifa ya namba hiyo inatakiwa iwe imefika serikalini kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha. Tunatengeneza viwambo vya kupunguza sauti ya bunduki. Mimi ni mkaguzi: kiwambo hakiingii kwenye boksi mpaka nikipitishe. Karakana yetu ni ndogo, na jina lake sokoni limejengwa na jambo moja, nalo ni bei. Wateja wetu ni mafundi bomba, madereva wa malori, walimu, wakulima wanaosumbuliwa na nguruwe pori. Watu wanaoihesabu dola kabla ya kuitoa.

Wengi tunakijua kiwambo kwa filamu tu. Jambazi anakizungusha kwenye mdomo wa bastola, inasikika "pyu", na aliyelala chumba cha pili hageuki hata ubavu. Kiwambo cha namna hiyo hakipo. Bunduki ya risasi za milimita 5.56 hutoa mlio wa desibeli zipatazo 165. Kiwambo kizuri huondoa desibeli 25 hadi 30 hivi. Kinachobaki ni mlio mkubwa bado, wa kumshtua yeyote aliye jirani, ila umeshuka hadi desibeli 140 au chini yake, na 140 ndicho kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini wanakitaja kuwa mpaka wa hatari kwa mlio wa ghafla. Ukiuvuka mpaka huo, risasi moja inatosha kuliachia sikio jeraha la maisha. Tena risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 kwa sekunde, huipasua hewa kwa kishindo chake yenyewe njia nzima, na kishindo hicho kiwambo hakina uwezo nacho.

Kinachoshughulikiwa ni gesi. Baruti ikiungua, gesi yenye moto na mgandamizo mkubwa huisukuma risasi hadi kwenye mdomo wa mtutu, kisha hufumuka hewani kwa pamoja, na huko kufumuka ndiko mlio. Ndani ya kiwambo kuna vyumba vilivyogawanywa na kuta zenye tundu katikati. Risasi inapita, gesi inakwama chumba hadi chumba, inapoa na kupungua nguvu, inatoka polepole. Ekzosi ya pikipiki hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na mtu aliyeipa dunia kiwambo cha kwanza kilichofanikiwa sokoni alitengeneza pia vya injini.

Jina lake lina historia kwetu. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alibuni bombomu mwaka 1884, bunduki iliyojipakia yenyewe kwa nguvu ya mrudisho wa kila risasi. Mpelelezi Stanley aliipitisha Afrika katika msafara wake wa kumwokoa Emin Pasha. Lugard, afisa wa Kiingereza, alikuwa nayo Kampala. Na mwishoni mwa Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipolivamia boma la Mahenge, mkoani kwetu Morogoro, ni bombomu za Wajerumani zilizowafyeka kwa mamia. Nilisoma habari za Mahenge shule ya msingi. Jina la Maxim nilikuja kulikuta upya huku, limeandikwa kwenye kiwambo cha zamani ambacho bosi wangu amekihifadhi kabatini.

Mzee Maxim alizeeka akiwa kiziwi. Miaka mingi ya kuzijaribu bunduki zake bila kinga ilimmaliza masikio. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, aliyezaliwa 1869, alikuwa mhandisi mjini Hartford, jimbo la Connecticut, na mwezi Machi 1909 akapewa hataza ya kiwambo cha bunduki. Mwezi uliofuata rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alishuka Mombasa kuanza safari yake ya kuwinda Afrika Mashariki; naye nyumbani New York alikuwa na bunduki ya Winchester iliyofungwa kiwambo cha Maxim. Siku zile kiwambo kiliuzwa madukani na kwa njia ya posta, kwa dola chache, bila kibali. Kilitangazwa kama kifaa cha mtu mstaarabu asiyependa kuwakera majirani anapofanya mazoezi ya shabaha.

Mwaka 1934 mambo yakageuka. Marekani ilikuwa imetoka kwenye miaka ya magenge ya pombe haramu, na Bunge likapitisha sheria ya kitaifa ya silaha iliyolenga bunduki za rashasha na bunduki zilizokatwa mtutu. Viwambo navyo vikaingizwa humo. Ukisoma kumbukumbu za vikao, sababu ya kuviingiza haielezwi kwa maneno yanayoeleweka. Kodi ikawekwa dola 200 kwa kila kifaa kinachobadilisha mikono. Kwa thamani ya fedha ya leo hizo ni zaidi ya dola 4,000, na ndiyo ilikuwa nia yenyewe: kodi ya kumkatisha mtu tamaa. Biashara ikafa kwa miongo kadhaa.

Kodi ile haikupandishwa kamwe. Ikabaki 200 huku mfumuko wa bei ukiitafuna mwaka baada ya mwaka, hadi ikafika mahali ambapo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuilipa kwa kujibana. Hapo soko likafufuka. Kwa hesabu za ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, viwambo vilivyosajiliwa vilikuwa takribani 285,000 mwaka 2011. Mwaka 2021 vilizidi milioni 2.6. Majimbo 42 yanamruhusu raia kumiliki. California, New York, Illinois na mengine matano hayaruhusu.

Sasa nije kwenye bei, maana hapa ndipo ninapoona watu wengi, hata wanaonunua, hawajaitazama biashara hii sawasawa. Wanadhani kiwambo ni ghali kwa sababu ya chuma. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya ughali huo ilifinyangwa na kodi ya 1934, na ilifinyangwa mpaka ndani ya umbo la kifaa chenyewe.

Chukua mfano. Mtu ana dola 400. Kiwambo kinauzwa 400, kodi 200, basi nusu nzima imeongezeka juu. Jirani yake ananunua cha 1,200. Kwake kodi ileile ni moja ya sita tu. Kisha wote wawili walikuwa wakisubiri kibali, na kwa fomu za karatasi kusubiri huko kuliweza kufika mwaka au kuupita. Mtu akishajua atalipa kodi na kungoja mwaka, hanunui kitu cha bei ya chini. Anajibana anunue kile kitakachomzika. Kukiuza baadaye ni shida pia, kwa sababu mnunuzi wa pili naye angelipa 200 zake, kwa hiyo soko la mitumba halikuota mizizi. Na kikiharibika kabisa, kukibadilisha kwa kipya chenye namba nyingine kulimaanisha kodi nyingine. Ikawa kila mtengenezaji anatengeneza kifaa kisichokufa: chuma kinene, aloi za kobalti na nikeli zinazovumilia joto la kutisha, dhamana ya maisha. Kifaa kizito na ghali, kwa sababu sheria ilifanya kosa la kununua kitu hafifu lisisahihishike.

Kule Norwei na Ufini mwindaji anakitazama kiwambo kama anavyotazama tairi. Kinatumika, kinachakaa, kinatupwa, kinanunuliwa kingine. Ndiyo maana vya huko kwa miaka mingi vimekuwa vyepesi na vya bei ya kawaida. Ujerumani nayo iliwaruhusu wawindaji mwaka 2020.

Walioamua kutengeneza vya bei nafuu hapa Marekani walianza kabla kodi haijaguswa, na ninawaheshimu kwa hilo. Yankee Hill Machine, karakana ya familia huko Massachusetts inayokereza vyuma tangu 1951, ilitoa kiwambo cha bunduki ya kijeshi kwa bei ya chini ya dola 500, wakati wenzao walikuwa wakiuza vya aina hiyo karibu maradufu. Ajabu ni kwamba raia wa kawaida wa Massachusetts haruhusiwi kumiliki kile kinachotengenezwa mtaani kwake. Kwa bunduki ndogo za .22 kuna vinavyouzwa chini ya 300.

Unafuu unatoka wapi? Kwanza kwenye kuacha. Karakana yetu haina rangi kumi, ipo nyeusi. Haina mfumo wake wa siri wa kukifungia kiwambo kwenye mtutu. Tunakata hesi ya kipimo ambacho kampuni nyingi zimekubaliana, na mteja anatafuta kishikizo anachokitaka. Tunatumia chuma cha pua, ambacho ni kizito kuliko titani, ila bei yake inakubalika na hakilegei haraka kikipata joto. Titani ni nyepesi na nzuri begani mwa anayetembea kutwa milimani, lakini kuikereza ni taabu: inang'ang'ania kisu, inakula visu, na takataka zake zinaweza kushika moto. Siku hizi kuna kampuni zinazokichapa kiwambo kizima kwa leza, unga wa chuma ukiyeyushwa tabaka juu ya tabaka. Mashine hizo ni za wenye mitaji mikubwa. Sisi tuna mashine za kukereza zinazoongozwa na kompyuta, na faida yetu iko kwenye dakika: kila dakika inayopunguzwa kwenye mashine inarudi kwa mteja.

Gharama ambazo hazipunguziki ni za makaratasi. Leseni ya kutengeneza silaha ni dola 150 kwa miaka 3, hiyo ni ndogo. Juu yake kuna kodi ya kila mwaka ya watengenezaji, 500 kwa kampuni ndogo na 1,000 kwa kubwa. Kisha usajili wa Wizara ya Mambo ya Nje, kwa kuwa kiwambo kimo kwenye orodha ya zana za kijeshi. Huo ulikuwa 2,250 kwa mwaka na mwaka 2025 ukapanda hadi 3,000. Bunduki nyingi za kiraia ziliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2020. Viwambo vikaachwa humo. Kwa sababu hiyo anayeajiriwa kuvitengeneza lazima awe raia, au mwenye kadi ya kijani, au mkimbizi aliyepewa hifadhi rasmi. Mimi niliingia kwa kadi ya kijani na cheti cha ukerezaji nilichokipata chuo cha ufundi cha VETA. Mwenzangu wa zamu, Mkongo wa Bukavu, aliingia kwa karatasi zake za ukimbizi, na mezani kwetu lugha ya kazi ni Kiswahili.

Meza yenyewe nieleze. Kiwambo kinanijia kikiwa kimeshachomelewa na kupoa. Nakishika chini ya taa na kuupitisha ukucha juu ya mshono wa weldi. Ukucha unasikia kitundu ambacho jicho linakikosa. Napima hesi kwa kipimo cha pande mbili, upande mmoja lazima uingie, upande wa pili lazima ukatae. Kisha nakifunga kwenye mtutu wa majaribio uliobanwa kwenye jiriwa, na kuingiza fimbo ya chuma iliyonyooka kupita mtutu mzima hadi itokeze mbele. Nainama nikatazama tundu la mwisho. Fimbo inatakiwa ikae katikati, na mwanga uizunguke kwa upana uleule pande zote, mithili ya pete. Mwanga ukiwa mnene juu na mwembamba chini, kiwambo kimepinda. Kupinda huko hakuonekani kwa nje hata ukikigeuza mara mia. Joto la kuchomelea ndilo linalofanya hivyo: chuma kinavutwa upande mmoja kinapopoa.

Kikitoka hivyo, risasi inaugusa ukuta wa ndani. Ninavyo viwili vya namna hiyo kwenye rafu juu ya meza, vilivyorudishwa na wateja. Kimoja kifuniko chake cha mbele kimechanwa, midomo ya chuma imegeukia nje. Kosa halikuwa letu safari hiyo, mtutu wa mteja ulikuwa umekatwa hesi ikapinda na fundi wa mtaani. Lakini mtu aliyesimama pembeni ya mlengaji siku ile alikuwa mtoto wake wa kiume. Hakuumia. Kile kifuniko sikiondoi pale, na kila fundi mpya anaanza kazi kwa kukishika.

Kwa nini nakijali kifaa hiki kiasi hiki? Baba yangu mdogo alikuwa askari wa wanyamapori katika pori la akiba la Selous. Alikuwemo kwenye doria za Operesheni Uhai, msako wa majangili wa 1989, na kabla ya hapo alitumwa vijijini kuwadhibiti tembo na nyati waliovamia mashamba, kwa bunduki nzito ya .458. Kinga ya masikio hawakupewa, wala hakuna aliyeitaja. Leo ukizungumza naye anakugeuzia shavu la kulia, maana sikio la kulia ndilo limebaki. Anayelenga kwa bega la kulia huumia zaidi sikio la kushoto: kichwa kimegeuka, sikio hilo limeuelekea mdomo wa mtutu, na la kulia limejificha nyuma ya kivuli cha kichwa. Wastaafu wenzake karibu wote wana ulemavu huohuo wa upande huohuo. Wanaitana kwa kupunga mikono. Watoto wanadhani wazee hawa ni wakali, kumbe wanapaza sauti kwa sababu hawajisikii.

Hata hivyo sitaficha upande wa pili. Mei 31, 2019, huko Virginia Beach, mtumishi wa mji aliwaua watu 12 ndani ya ofisi za serikali kwa bastola yenye kiwambo alichokinunua kwa njia halali, na baadhi ya walionusurika walisema hawakutambua mara moja kwamba ule ulikuwa mlio wa risasi. Katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, majangili wa faru wamekuwa wakitumia bunduki nzito zilizofungwa viwambo ili askari wa doria wasijue wapi pa kukimbilia. Mtu wa familia ya askari wa wanyamapori hawezi kuzisoma habari hizo kama za mbali. Masikio ya askari na uhai wa askari vimo kwenye kifaa kimoja.

Ndiyo maana kuhusu sheria msimamo wangu uko wazi. Namba ibaki, alama za vidole zibaki, uchunguzi wa mnunuzi ubaki, na anayeuza bomba lisilo na namba mtandaoni kwa kisingizio cha kusafishia bunduki akamatwe. Kodi iende. Kodi ya dola 200 haikumzuia mwenye nia mbaya na mwenye fedha, ilimzuia mkulima.

Na kweli imekwenda, angalau kwa sasa. Sheria ya bajeti iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeishusha kodi ya viwambo hadi sifuri kuanzia Januari 1, 2026. Fomu, picha na alama za vidole vinaendelea kutakiwa. Kusubiri kulikuwa kumeshapungua tangu 2024, kutoka miezi hadi siku kwa wengi wanaoomba kwa kompyuta. Walipotangaza tarehe, simu za karakana zilipoa, kwa sababu hakuna aliyetaka kulipa 200 Desemba wakati Januari ni bure. Tuliipita miezi hiyo kwa kukereza na kuweka stoo. Wapo pia waliokimbilia mahakamani wakidai kwamba sheria ya 1934 ilisimama juu ya mamlaka ya Bunge kutoza kodi, na kama kodi ni sifuri, usajili nao umekosa pa kusimama.

Bosi wangu ameshaanza kuchora kiwambo kipya, chepesi, cha mtindo wa Norwei, ambacho mteja atakitumia misimu kadhaa kisha anunue kingine. Anataka kiuzwe bei ambayo hatujawahi kuifikia. Katika hesabu zake amepunguza unene wa bomba, amepunguza chumba kimoja, na amepunguza ukaguzi: badala ya kupitisha fimbo katika kila kiwambo, anataka nichukue kimoja katika kila kumi. Unene nimemkubalia, chumba nimemkubalia. La tatu nilimchukulia kile kifuniko kilichochanwa kutoka kwenye rafu, nikakiweka juu ya karatasi yake ya hesabu. Tumepatana, kwa mwaka huu, vyote vipitishwe fimbo. Mwakani atauliza tena.